Programu ya mto isiyo na mwenyewe

Saa kumi na moja jioni wenzake wanafunga madirisha na kwenda zao. Abdia Hirbo ndiyo kwanza anavuta kiti. Anaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta kuukuu kwenye stoo ya magunia, anapuliza vumbi lililoingia kati ya herufi na kuiwasha. Ana muda hadi magharibi. Adhana ikilia, mlinzi huzima jenereta, na kazi huwa imekwisha hata kama haijaisha.

Anaandika amri moja fupi. Mashine inanguruma. Mistari ya maandishi meupe inapanda kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, kisha inasimama ghafla. Abdia anainama kuusoma mstari wa mwisho, midomo ikimcheza.

“Palepale,” anasema. “Jana palepale, juzi palepale.”

Anaandika tena. Mashine inanguruma tena. Nje, mbuzi wa jirani wamelala kwenye kivuli cha lori la shirika, na joto la mabati linashuka kichwani kama mfuniko wa sufuria.

Abdia ana umri wa miaka thelathini na moja. Mchana yeye ni mpiga chapa wa shirika moja la misaada hapa Garsen. Huandika barua, ripoti na hesabu za unga na maharagwe. Jioni hufanya kazi nyingine, ambayo haimlipi hata senti na ambayo majirani zake wengi hawaijui hata jina.

“Wakiniuliza nafanya nini humu, nasema naunganisha,” anaeleza. “Wanadhani nyaya.”

Anachounganisha ni programu ya kompyuta inayokisia mwendo wa maji ya Mto Tana. Mtu wa Hola, mji ulio juu ya mto, anasoma kina cha maji kwenye nguzo ya kipimo kando ya mto na kukisema kwa redio. Mtu wa Garsen au Kipini anakiandika kwenye kompyuta. Programu inapiga hesabu na kujibu: maji haya yatafika Garsen siku fulani, yatafika Kau na Ozi, vijiji vya karibu na bahari, siku fulani. Watu wapate muda wa kuvusha watoto, mifugo na magodoro.

Programu hiyo haikununuliwa dukani. Iliandikwa na watu wa kujitolea, kila mmoja mahali pake, na maandishi yake yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha bila kulipa na bila kuomba ruhusa. Vipande vikishaandikwa, vilikuwa vinatumwa Garsen. Kompyuta ya Abdia ndiyo iliyovikusanya, ikavijaribu na kuvifanya kitu kimoja kinachotoshea kwenye disketi.

“Ni kama nyumba ambayo mlango unachongwa Mombasa na fremu inachongwa Hola,” anasema. “Mafundi hawajaonana. Mimi ndiye ninayegundua kwamba mlango haufungi.”

Wazo lilikuwa la Sadiq, kijana wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya mizigo bandarini. Wakati wa mafuriko makubwa ya mwisho wa mwaka 1997 alikuja Garsen na boti za misaada. Akaona watu wamekaa juu ya mapaa, na akasikia kila mmoja akisema neno lile lile: hatukujua kama yangefika usiku ule.

Alipokuwa akisubiri barabara ifunguke, alimkuta Abdia ofisini akipiga chapa. Wakaanza kuzungumza. Maji yalipopungua, mapema mwaka jana, kazi ikaanza.

Hola walimpata Afrah, mwalimu wa hesabu wa sekondari, aliyekubali kusoma nguzo kila asubuhi na aliyejifunza kuandika programu kwa kitabu cha kuazima. Kipini walikuwa na Fumo, mzaliwa wa Kau, mwendesha redio wa shirika lile lile analofanyia kazi Abdia. Fumo hakuandika kitu. Yeye alikuwa mtumiaji: alipokea tarakimu, akaziingiza, kisha akapeleka habari Kau na Ozi kwa mtumbwi.

Barua fupi zilipitia redio ya shirika, yenye mlingoti mrefu nyuma ya ofisi, ambayo fundi mmoja aliiunganisha na kompyuta. Vitu vikubwa vilikuja kwa disketi, mikononi mwa makondakta wa basi la Mombasa, kila msafara wa magari yaliyolindwa na polisi dhidi ya majambazi uliporuhusiwa kupita.

“Siku ile ya kwanza ilipojibu sawasawa, maji yalifika siku ile ile tuliyosema,” anakumbuka Abdia. “Sadiq alinipigia simu, akawa hasemi neno. Anacheka tu. Na mimi nacheka. Simu ya ofisi, watu wananitazama.”

Ilikuwa Machi. Furaha hiyo haikufika Juni.

Mafuriko ya awali yalikuwa yameilegeza nguzo ya kipimo ya Hola, na mwishoni mwa Machi ikaanguka. Mwezi wa Aprili ikasimikwa nyingine, chini kidogo ya mahali pa zamani. Afrah akaona mara moja kwamba tarakimu za nguzo mpya hazilingani na za zamani. Akairekebisha sehemu inayohusika ya programu na kutuma Garsen.

Wiki hiyo hiyo, Sadiq naye alikuwa ameifungua sehemu ile ile huko Mombasa ili kuboresha hesabu za mwendo wa maji. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake ameishika.

Vipande viwili vilipofika kwa Abdia, mashine ilikataa kuviunganisha. Akawaandikia wote wawili wakubaliane. Majibu yakachelewa, kwa kuwa simu zilikuwa zimekatika na redio ilikuwa imebanwa na habari za mvua na malori yaliyokwama. Kabla hawajakubaliana, kompyuta yenyewe ikafa. Diski yake ya ndani iliungua jenereta ilipopandisha umeme. Diski mpya ilipakiwa kwenye basi Mombasa, na basi likarudishwa njiani kwa sababu barabara ilikuwa imekatika.

Kwa hiyo Fumo, kule Kipini, alibaki na disketi ya zamani. Nguzo ilikuwa mpya, hesabu ya zamani, na hakuna aliyemwambia.

Mei, Hola wakasema tarakimu yao. Fumo akaiingiza. Kioo kikamjibu kwamba maji yatafika Kau keshokutwa. Akaenda Kau na kuwaambia watu: mna leo na kesho.

Mama yake, Bi Mishi, alikuwa na mpunga aliouvuna na kuuacha kwenye dungu la kulindia shamba, ng’ambo ya mto. Kwa kuwa alikuwa na leo na kesho, alivuka kesho yake alfajiri kuufuata.

Maji yalifika asubuhi hiyo.

Walimpata siku ya tatu, chini sana, kwenye mikoko karibu na mlango wa mto. Wengine wote wa Kau waliokoka. Mpunga wa kijiji kizima ulikwenda.

Abdia alisikia kwa redio. Alipata nafasi kwenye boti ya shirika na kufika Kipini matanga yakiwa hayajaanuliwa. Anasema alikuwa amejiandaa kutukanwa.

“Fumo alinipokea vizuri. Hilo ndilo lililonimaliza,” anasema, akifuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio ingawa hakina vumbi.

Fumo mwenyewe, nilipomtembelea Kipini, aliyakumbuka mazungumzo yale bila kupepesa.

“Nilimwambia, kaa kitako, dada Abdia, unywe kahawa. Sikulaumu wewe. Mamangu kenda kwa ajali yake, na ajali haina kinga,” alisimulia. “Lakini nikamwambia, mashine yenu ile inajua kusema keshokutwa. Kusema sijui, haijui. Mtu asiyejua kusema sijui mimi simkalishi barazani kwangu, seuze mashine.”

Baada ya matanga aliizima kompyuta ya Kipini na kuifunika leso. Tangu siku hiyo, kila tarakimu za Hola zilipopita redioni, aliziandika kwenye kipande cha karatasi, akazitazama, akazikunja.

Abdia alirudi Garsen na kuanza kupanga matengenezo. Alikuwa na mambo matatu kichwani, na anayaeleza kwa vidole kama anayemfundisha mtoto.

Kwanza, iwepo kompyuta ya pili ya kuunganishia, Mombasa, ili moja ikifa kazi isilale. Pili, mtu asiiguse sehemu ya nguzo mpaka mwenzake aisome na kuikubali. La tatu alilitoa kwa Fumo: kila disketi ijue tarehe yake. Ikizeeka, au ikipewa tarakimu za nguzo isiyoijua, isijibu chochote isipokuwa kwamba haijui.

“Afadhali inyamaze kuliko kudanganya,” anasema.

Mwezi wa Julai aliwaita Sadiq na Afrah Garsen. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wote watatu kukaa meza moja. Walikutana kwenye hoteli karibu na stendi, mbele ya chai na mahamri. Abdia alikuwa ameomba ruhusa kazini na kuvaa dera jipya. Alidhani watasalimiana kwanza.

“Afrah hakukaa hata vizuri,” anasimulia. “Akamwambia Sadiq: ‘Wewe ulikuwa chini ya feni Mombasa. Mimi ndiye niliyesimama matopeni na nguzo ile. Kwa nini uliigusa sehemu yangu?’”

“Sehemu yako?” Sadiq alijibu. “Programu hii ina mwenyewe? Si tulisema ni ya wote?”

“Ni ya wote ikifanya kazi. Ikiua mtu ni ya Afrah?”

“Nilikuandikia usubiri.”

“Uliandika mimi nimeshatuma!”

Watu wa meza za jirani waligeuka. Abdia aliweka kikombe chini kwa nguvu hata chai ikamwagika.

“Mama wa mtu amekufa,” aliwaambia. “Nyinyi mnagombania nani alituma kwanza. Mimi nilivipata vyote viwili mkononi, na mashine ikaniambia havilingani, nikakaa nikisubiri nyinyi wakubwa mkubaliane. Haya, nani anataka kuanza kulia? Tulie, tumalize, kisha tufanye kazi.”

Afrah ndiye aliyelia, na Sadiq akamsogezea leso ya karatasi bila kumtazama. Jioni ile walipanga kila kitu. Sadiq alichukua kazi ya kompyuta ya pili. Afrah alichukua kazi ya nguzo, na maandishi yake yasomwe na Sadiq kabla ya kutumwa. Abdia alichukua kuunganisha na kuwakumbusha. Waliagana stendi wakipeana mikono.

“Nilirudi nyumbani nimeshiba matumaini,” Abdia anasema. “Sijui hata kama nilikula siku ile.”

Kwa miezi michache mpango ulikwenda. Kisha ukaanza kuponyoka, bila ugomvi na bila kishindo, kama maji yanavyoacha shamba.

Desemba Sadiq alipata kazi Dubai. Aliandika barua ndefu ya kuaga, akaahidi kuendelea kutoka huko. Kompyuta ya pili ilikuwa bado haijasimama. Barua zake zikawa za kila wiki, kisha za kila mwezi. Ya mwisho ilikuja karibu na Idi ya kuchinja na ilikuwa ya salamu tu.

Afrah alihamishiwa shule moja mbali huko kaskazini, isiyo na umeme wala simu. Nguzo ya Hola ilipata msomaji mwingine, mlinzi wa pampu, ambaye anasoma akikumbuka. Marekebisho ya Afrah yalibaki nusu. Hicho ndicho kipande kinachosimamisha mashine ya Abdia palepale kila jioni: Afrah aliandika mwanzo wake akitarajia Sadiq aandike mwisho, na Sadiq hakuandika.

Abdia amejaribu kukimaliza kipande hicho mwenyewe. Anajua kuunganisha, anajua kutafuta kosa lilipo. Hesabu za mwendo wa maji hazijui, na anasema wazi kwamba anaogopa kuzigusa.

“Nikikosea kwenye barua ya ofisi, meneja ananirudishia. Hapa nikikosea atanirudishia nani?”

Nyumbani hapati wa kumweleza. Mama yake, Qabale, ni mfugaji wa Kiorma anayeishi bomani, mwendo mfupi kutoka mjini. Maji ya mafuriko yale na homa iliyoyafuata vilimwachia ng’ombe wa kuhesabika. Nilipomkuta alikuwa akikamua, na hakuacha kukamua kwa ajili yangu.

“Yeye nakaa na sanduku ile kila siku,” alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Mimi nasema, mwanangu, mto naletwa na Mungu, sanduku nafanya nini? Yeye nanyamaza. Usiku nasikia nalia. Mimi hapana uliza tena.”

Kisha akanipa maziwa kwenye kibuyu na kunitaka nimwambie binti yake aje kula.

Pigo la mwisho lilikuja mwezi huu. Shirika limetangaza kufunga ofisi ya Garsen. Dharura imekwisha, wanasema, na fedha zinakwenda kwingine. Lori litakuja kuchukua samani, redio, jenereta na kompyuta zote, ikiwemo ile ya stoo. Kazi ya kupiga chapa inakwisha pamoja na ofisi.

Abdia aliomba aachiwe ile kuukuu. Alijibiwa kwa upole kwamba ni mali ya shirika na lazima irudi kama ilivyoandikishwa.

Basi akafanya uamuzi. Kwa kuwa hawezi kuimaliza programu, atampelekea Fumo ile sehemu moja aliyoweza kuikamilisha peke yake: ile ya kusema haijui. Alikiondoa kipande cha Afrah na Sadiq, akaifanya programu ya zamani itambue kwamba nguzo yake haipo tena. Mashine iliunganisha bila kusimama. Alitoa disketi moja, akaiweka kwenye mkoba, na siku ya mapumziko akapanda gari la kwenda Kipini. Mimi nilikuwa naye.

Fumo alitukaribisha ukumbini. Kompyuta ilikuwa pembeni, leso bado juu yake. Abdia hakuigusa. Alimpa disketi kwa mikono miwili.

“Hii inafanya nini?” Fumo aliuliza.

“Haifanyi kitu, kaka Fumo. Ukiipa tarakimu, itakwambia haijui, uwaulize watu wa Hola wenyewe.”

“Umetoka Garsen kuniletea mashine isiyojua?”

“Ndiyo.”

Fumo aliigeuzageuza disketi. Kisha akaivuta leso, akaikunja vizuri na kuiweka begani. Ilichukua muda mashine kuwaka. Akaingiza tarakimu ya asubuhi ile. Kioo kikaandika kwa Kiswahili: Sijui. Nguzo imebadilika. Usimwambie mtu siku.

Alisoma kwa sauti, polepole, mara mbili. Mkewe alikuja mlangoni kusikiliza.

“Nitaiacha ndani ya mashine,” alisema hatimaye. “Lakini nikwambie kweli, Abdia. Watu wa Kau hawaniamini tena. Hata nikienda leo nikawaambia leo ni Jumapili, watamuuliza mwingine.”

Abdia alifunga mkoba wake, akaaga. Njiani kurudi alimwomba dereva afunge dirisha kwa ajili ya vumbi.

Leo, jioni hii ninayoandika, amebakiwa na siku chache na ile mashine. Anajaribu tena kipande kilichomshinda, ingawa anajua kitasimama palepale. Maandishi yote ya programu ameyanakili kwenye disketi ambazo kondakta atazipeleka Mombasa, kwa rafiki wa Sadiq aliyeahidi kuyaweka kwenye mtandao mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuyachukua. Ameandika pia, kupitia redio ya ofisi, kwa watu asiowajua, wahadhiri na mafundi wa mataifa mbalimbali ambao majina yao aliyaona kwenye barua za Sadiq.

Wengi hawakujibu. Mmoja amejibu juzi. Ni mtu anayesema kwamba anashughulika na mito, ameipenda programu na angependa kuzitazama zile hesabu za mwendo wa maji. Anauliza jambo moja tu kabla ya kuanza: msimamizi wa kazi hii ni nani?

Abdia ananionyesha barua hiyo kwenye kioo. Hajaijibu.

“Nimwambie nani?” anauliza. “Sadiq hayupo. Afrah hayupo. Ofisi inafungwa. Nikisema ni mimi, kesho ataniuliza kompyuta yako iko wapi, nimwambie imepanda lori?”

Namuuliza atafanya nini lori likishaondoka. Anasema atabaki bomani na mama yake, atakamua. Vuli ikipita, akipata nauli, atakwenda Mombasa kutafuta kazi yoyote iliyo karibu na kompyuta, hata ya kufagia. Mvua zijazo zitakuwa zimeshakuja na kuondoka, naye hana neno la kuwapa watu wa Kau ila lile moja lililo kwenye disketi ya Fumo.

Msikitini wanajaribu kipaza sauti. Mlinzi amesimama mlangoni, funguo za jenereta mkononi, anasubiri kwa adabu.

“Dakika moja, baba,” Abdia anamwambia.

Anavuta kiti, anaifungua barua ya yule mgeni na kuanza kuandika kwa haraka kabla umeme haujakatika. Mstari wa kwanza nausoma juu ya bega lake: Msimamizi ni mimi, Abdia Hirbo, wa Garsen.